Nilimwagilia Kila Jioni

Niliung'oa kwa mkono mmoja.

Mnyanya uliofika kiunoni, wenye shina nene kama kidole gumba, haung'oki kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa mapambano: nimetanua miguu, nimeuma meno, nimeshika shina chini kabisa. Ukachomoka bila ubishi, nusura nianguke chali. Nikabaki nimeuning'iniza, udongo ukidondokea viatu, nautazama upande ambao kwa kawaida hatuuoni.

Mizizi ilikuwa imejisuka kama mkeka. Mkeka mpana kiasi cha sahani, mwembamba, unene wake haufiki hata urefu wa kidole changu cha shahada. Nilipapasa ndani ya shimo nikitafuta mizizi iliyokatikia chini. Hakukuwa na kitu. Haikukatika. Haikuwahi kushuka.

Nimeshaua mimea kwa kuisahau, na kifo hicho nakielewa. Unasafiri, unarudi, unakuta vijiti. Huu sikuusahau. Huu niliumwagilia kila jioni ya Mungu tangu siku niliyoupandikiza, hata siku nilizorudi nimechoka sioni mbele. Jua lilipokaza kwa wiki moja tu, ukafa. Wa jirani, ambao sijawahi kuuona ukimwagiliwa, ulikuwa umesimama wima upande wa pili wa ua.

Miezi miwili imepita sasa. Kila nikishika keni, ule mkeka unanijia.

## Keni mbili

Mwanzo wa kiangazi ni kipindi chenye hila. Mvua zimekata, au baridi imeondoka, kutegemea uko upande gani wa dunia, na jua bado lina adabu. Kila kitu kinakua. Unapalilia leo, keshokutwa magugu yamerudi na wenzao. Mtu unatoka nje na hamu ya kushika kitu, na vitu vya kushika vipo tele, kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba kila unachokishika unakisaidia.

Mimi hamu yangu iliishia kwenye maji. Keni mbili za lita kumi kila jioni kwenye tuta la nyanya, pilipili na maharage. Nilipenda hata harufu yake, ule udongo wa moto ukipokea maji. Nikirudi ndani najiona nimetimiza wajibu.

Siku tatu baada ya kuung'oa ule mnyanya nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika miaka yote ya kulima. Nilimwagilia kama kawaida, nikasubiri nusu saa, kisha nikachukua koleo dogo la mkono na kuchimba shimo katikati ya miche miwili. Nikapiga magoti kuangalia ukuta wa shimo.

Juu, udongo mweusi, umelowa, unashikana. Halafu mstari. Mstari ulionyooka kama umepigwa na rula. Chini ya mstari, udongo wa kijivu, mkavu, unamwagika kama unga.

Nilipima. Sentimita tatu.

Nilikaa pale chini kwa muda, mikono imejaa matope, na nikaanza hesabu ambayo ningeifanya tangu mwanzo. Lita moja ya maji ikisambazwa sawasawa kwenye mita moja ya mraba inatoa kina cha milimita moja. Tuta langu ni mita nne kwa mita moja na robo, yaani mita za mraba tano. Lita ishirini kwenye mita tano: milimita nne. Mvua ya milimita nne ni ile ambayo hata nguo huinuki kuanua.

Lakini hesabu ikaendelea, na hapo ndipo iliponiumiza. Milimita nne kila jioni, kwa siku saba, ni 28. Wakulima wengi wa mboga huchukua milimita kama 25 kwa wiki kuwa kipimo cha kuanzia wakati wa joto, mvua ikiwemo. Kwa hiyo maji niliyotoa yalitosha. Yalizidi kidogo. Keni kumi na nne kwa wiki, nimezibeba kwa mkono wangu kutoka bombani, na nusu yake ningeweza kuwa nimezimwaga hewani.

Maana hizo sentimita tatu za juu ndizo jua linazoanza nazo. Zikilowa jioni, kesho adhuhuri zimekauka. Na mzizi haupigi ramli kujua kama chini kuna maji. Unakua pale unapokuta unyevu na hewa, na ukifika kwenye ukavu unasita. Nyanya ikipata udongo mzuri ina uwezo wa kushusha mizizi hadi mita moja na zaidi. Yangu kila jioni iliandaliwa mezani. Ingeshuka kufuata nini?

Wakati jua lilipoacha adabu, mizizi yote ilikuwa imelala juu ya kikaango.

## Kubadilisha mkono

Utaratibu mpya ni rahisi kuuandika. Badala ya keni mbili kila jioni, keni kumi na mbili kwa mkupuo mmoja, asubuhi, kila baada ya siku tano au sita. Namwaga nusu polepole tuta zima, naliacha linywe, kisha narudi na nusu ya pili. Udongo uliokauka sana hukataa maji mwanzoni. Yanateleza juu yake na kukimbilia kwenye vijia. Ile nusu ya kwanza kazi yake ni kuulainisha.

Sikuhamia siku ile ile. Mimea iliyobaki nayo ilikuwa na mikeka yake, na kuinyima ghafla ingekuwa kuimalizia. Nilianza siku moja kwa siku moja, nikaenda siku mbili, tatu, nikiongeza maji kila nilipoongeza nafasi. Ilichukua karibu wiki tatu. Shimo la kwanza nililochimba baada ya kumwagilia keni kumi na mbili lilikuwa jeusi hadi karibu sentimita 15. Nilimwita kila aliyekuwepo nyumbani aje kuliona. Walikuja, wakaangalia shimo, wakaniangalia mimi, wakarudi ndani.

Kuandika ni rahisi. Kukaa siku tano bila kushika keni ndiko kulikonishinda.

## Saa nane mchana

Siku ya pili tu majani yalilala.

Anayelima anaijua sura hiyo. Saa nane mchana, jua liko juu ya kichwa, majani ya nyanya yamening'inia kama nguo zilizolowa, na maboga ndiyo usiseme, yale majani makubwa yamejikunja kama mwavuli uliovunjika. Nikayaangalia kwa dirisha. Nikaenda kukaa. Nikarudi dirishani. Nikatoka na keni.

Mama wa upande wa pili wa ua alikuwa kivulini. Ni mtu mzima, si msemaji.

"Umeshika udongo?"

"Majani yamelala, mama."

"Nimekuuliza udongo."

Nikapenyeza kidole. Juu pakavu. Kifundo cha kwanza, pakavu. Kifundo cha pili, ubaridi. Unyevu kabisa, wa kushikana na kidole.

Nikairudisha keni bombani, kwa aibu kidogo. Jioni jua lilipopungua nikatoka tena: majani yote yamesimama, kama hakuna kilichotokea.

Sasa najua sababu. Jani linapoteza maji kupitia vitundu vyake vidogo kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, kwa hiyo shinikizo la ndani linapungua na jani linashuka. Likishuka, linaliachia jua sehemu ndogo zaidi ya kulipiga. Jua likipungua, mizizi inalipa deni. Kuzimia kwa mchana hakujibu swali. Swali linaulizwa alfajiri: mmea uliolala alfajiri, baada ya usiku mzima wa kupumzika, una shida ya kweli.

Na hata hapo, tahadhari. Mmea wenye kiu na mmea uliozamishwa unaonekana vile vile. Mizizi inahitaji hewa; ikikaa kwenye tope inaoza, na mzizi uliooza haupandishi maji hata kama umezungukwa nayo. Majani yanalala, mwenye bustani anaongeza maji, mambo yanazidi kuharibika. Macho hayawezi kutofautisha. Kidole kinaweza.

Wiki ile ya kwanza nilivunja mfungo mara mbili. Naandika ili yeyote atakayejaribu asijione dhaifu peke yake.

Kuna jambo jingine nililolishikilia kwa miaka, tena nikawafundisha watu: kwamba tone la maji juu ya jani wakati wa jua linafanya kazi ya lenzi na kuliunguza. Mwaka 2010 watafiti wa Hungaria walilijaribu. Kwenye majani laini yasiyo na vinyweleo, matone hayakuunguza. Hatari ilionekana kwenye majani yenye vinyweleo vinavyolibeba tone juu, mbali kidogo na jani lenyewe. Jani la nyanya lina vinyweleo, kwa hiyo siwezi kusema kesi imefungwa kwake. Lakini sababu ya kutomwagilia mchana ni nyepesi kuliko lenzi: maji mengi yanaondoka na hewa kabla hayajashuka. Na sababu ya kupendelea asubuhi kuliko jioni ni kwamba jani linalokesha limelowa linaukaribisha ukungu.

## Kitako cheusi

Nyanya za kwanza zilipoanza kukua, nikazikuta na doa chini. Doa la maji maji, kisha kahawia, kisha jeusi na kubonyea. Kuoza kitako.

Msimu uliopita ningejua la kufanya. Kila mtu anajua: ni upungufu wa chokaa, saga maganda ya mayai, fukia. Nilifukia maganda mpaka tuta likawa linametameta. Vitako viliendelea kuoza.

Ni kweli tunda limekosa kalisi, yale madini yaliyomo kwenye chokaa. Ila mara nyingi udongo hauna upungufu huo. Kalisi husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na maji huenda zaidi kule yanakotoka kwa wingi, yaani kwenye majani. Tunda halitoi jasho kama jani, kwa hiyo ndilo la mwisho kugawiwa. Maji yakiwa leo yapo, kesho hayapo, mgawo wa tunda ndio unaokatwa. Maganda ya mayai nayo huchukua muda mrefu sana kuoza. Niliyoyafukia bado nayaokota nikipalilia.

Niliyachuma matunda yote yenye doa. Sikuongeza kitu kwenye udongo. Nilichoongeza kilikuwa juu yake.

Matandazo nilikuwa siyapendi, niseme ukweli. Nilipenda tuta lililofagiliwa, udongo unaonekana, mistari ya reki imekaa kama nywele zilizochanwa. Tuta lenye nyasi kavu juu yake nililiona kama uvivu. Lakini nilipoweka kidole kwenye udongo mtupu saa nane mchana, na kidole kingine chini ya nyasi nilizokuwa nimezisahau pembeni, nilishangaa kwamba ni bustani moja.

Sasa baada ya kumwagilia vizuri natandaza nyasi kavu unene wa sentimita tano hadi nane. Juu ya udongo uliolowa, kwa sababu matandazo yanahifadhi unachoyapa: ukitandaza juu ya ukavu, utahifadhi ukavu. Naacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, vinginevyo shina linaoza. Nyasi mbichi natandaza nyembamba tu. Mara ya kwanza nilizirundika, zikapata joto, zikateleza kama kamasi na kunuka wiki nzima.

Vitako vilivyofuata viliota vizima. Si vyote. Vingi.

## Vimamba vyeusi

Hili ninalolisimulia sasa bado linaniuma kuliko mnyanya.

Ncha za maharage zilikuwa zimejaa vidukari, weusi, wamebanana kiasi kwamba shina halionekani. Sisimizi wanapanda na kushuka. Vidukari hutoa majimaji matamu, na sisimizi huwalinda kama mifugo. Katikati yao nikaona wadudu wengine, warefu kidogo, weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa, miguu sita, mgongo una miiba miiba. Vimamba. Sura ya mdudu mbaya kabisa.

Niliwasaga kwa vidole, mmoja mmoja. Kama kumi na wawili. Niliridhika sana.

Siku mbili baadaye vidukari walikuwa wameongezeka. Nikainama na kuangalia kwa karibu, nikamkuta kimamba mmoja aliyenusurika, amejificha chini ya jani. Alikuwa ameshika kidukari kwa taya, kakinyanyua juu, miguu ya kidukari inachezacheza hewani. Akakimaliza. Akahamia kwa mwingine. Nilisimama pale mpaka alipokula wa nne.

Wale vimamba ni watoto wa yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye kila mtu anamfurahia na watoto humbeba kiganjani. Mmoja hula vidukari kwa mamia kabla hajawa mkubwa. Nilikuwa nimewaua polisi na kuwaachia wezi mtaa.

Siku hizi nikiona vidukari naelekeza mpira wa maji kwenye ncha, nguvu ya wastani, nikishikilia shina kwa mkono mwingine. Wakianguka wengi hawarudi. Kisha naondoka. Naondoka kabisa, naingia ndani, kwa sababu nikibaki nitatafuta cha kusaga.

## Kung'oa kilicho kizima

Ajabu yake ni kwamba kule ambako mkono ulihitajika, mimi ndiko nilikouficha.

Karoti, kwa mfano. Mbegu zake ni ndogo, zinamwagika nyingi, zinaota kama nywele. Kila msimu nilijiambia nitapunguzia, na kila msimu sikuweza. Kung'oa mche mgonjwa ni kazi. Kung'oa mche mzima, wa kijani, usio na kosa lolote, eti kwa sababu umezaliwa karibu na mwenzake? Nikaziacha. Nikavuna karoti nyembamba zilizokumbatiana kama vidole vya watu wanaoagana.

Mwaka huu nilichukua mkasi. Kukata usawa wa udongo kunaacha mizizi ya jirani bila kutikiswa, na kwangu kulikuwa na faida nyingine: kukata si kung'oa, moyo unadanganyika. Nikaacha mmoja kila sentimita tano. Ilinichukua jioni tatu kwa mistari minne, na jioni ya kwanza sikufanya zaidi ya kuchagua.

Zinia zilinitesa kwa namna nyingine. Nilisoma kwamba mche ukifika urefu wa kama sentimita 25 unakatwa ncha, juu kidogo ya jozi ya majani, ili utoe matawi. Sikuamini. Nilikuwa na miche sita, nikakata mitatu na kuiacha mitatu. Ile niliyoiacha ikachanua kwanza, kila mmoja ua moja kubwa juu ya bua refu, na iliyokatwa imekaa kama vibogoyo. Nilijutia kila nilipopita. Wiki mbili zikapita, tatu. Ile mirefu ikaangushwa na upepo usiku mmoja. Iliyokatwa ilikuwa mifupi, imetanuka, na nilihesabu machipukizi saba kwenye mmoja wao, yote yana vichwa.

Na ua likinyauka, linakatwa. Mmea wa msimu mmoja unachotaka ni mbegu. Ukishazipata unafunga duka. Ukimnyang'anya ua kabla mbegu hazijakomaa, anajaribu tena. Nilikuwa nachomoa petali tu, nikiona pamependeza, kumbe kifuko cha mbegu nimekiacha kiendelee na safari yake. Kata hadi chini, kwenye kifundo chenye majani. Waridi nyingi nazo hivyo hivyo. Alizeti ya kichwa kimoja iache, haina ua la pili la kukupa. Na mwisho wa msimu naacha vichwa kadhaa vikauke, kwa ajili ya mbegu na kwa ajili ya ndege.

Machipukizi ya kwapani kwenye nyanya naondoa, yale yanayoota kati ya shina na jani, lakini kwa zile nyanya ndefu zinazopanda kamba tu. Zile za kichaka, ambazo hufika kimo fulani na kusimama, matunda yake yapo kwenye hayo hayo matawi. Niliwahi kuzipogolea zote kwa bidii. Nilibaki na vijiti vilivyonyooka vizuri sana.

Maboga yakianza kwa kudondosha maua, tulia. Mara nyingi ya kwanza ni madume. Jike utalijua kwa kiboga kidogo nyuma ya ua, kabla hata halijachanua.

## Nyasi za mbele

Sikutaka kuandika habari za nyasi. Sina uhakika kama nazipenda. Ni kipande cha mbele ya nyumba ambacho kazi yake, kadiri ninavyoelewa, ni kukatwa.

Mashine ya kukatia nyasi ilipewa hataza Uingereza mwaka 1830, kwa jina la Edwin Budding, mhandisi ambaye wazo alilitoa kiwandani, kwenye mashine ya kunyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Nalikumbuka hilo kila ninapoisukuma yangu. Kitambaa kikishanyolewa hakihitaji kuishi. Mimi nyasi nilizinyoa kama kitambaa, fupi kadiri kisu kinavyoshuka, ili nipate wiki mbili za mapumziko.

Na ndizo zilizokuwa za kwanza kuungua.

Jani ndilo jiko la nyasi. Ukilikata karibu lote, mmea unatumia akiba yake kujenga jani jipya, na mizizi inasimama, mingine inakufa. Nyasi fupi, mizizi mifupi. Nilipoelewa hilo niliweka keni chini na kucheka, maana ni mkeka ule ule, sasa umetandazwa mbele ya nyumba nzima.

Kanuni ninayoifuata sasa ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na jua linapokaza napandisha kisu. Kimo gani, inategemea aina. Zipo nyasi zinazotambaa ambazo fupi ndiyo hali yake, na zipo zinazopenda sentimita saba au nane. Vipande vilivyokatwa naviacha pale pale, ni vifupi, vinaoza na kurudisha naitrojeni. Kisu nakinoa, kikiwa butu kinachana, na siku ya pili ncha zote zimegeuka nyeupe.

Maji? Napita juu yake jioni, kisha nageuka kuangalia. Nyayo zikiinuka, hazina kiu. Nyayo zikibaki zimelala na rangi imekuwa ya kijivu-bluu, zinahitaji. Mara nyingine hata hapo nazinyima. Nyasi nyingi ukame ukizidi hugeuka kahawia na kulala, kitovu chake kikiwa hai chini, zikisubiri mvua. Wageni wanasikitika. Mimi nimeacha kueleza.

## Walioniumbua

Baada ya wiki tano za ushindi nilikuwa nimeshakuwa mhubiri. Maji mengi, mara chache, kwa kila kitu. Ndipo nikaua kitalu cha saladi.

Mbegu iliyoota juzi mizizi yake yote imo ndani ya zile sentimita mbili tatu za juu. Ukimwambia ashuke kutafuta maji chini, atashuka na nini? Miche michanga inataka maji kidogo, mara kwa mara, mpaka itakapojishika. Saladi na vitunguu hata vikikua mizizi yao haiendi mbali, kwa hiyo nafasi kati ya maji na maji inafupishwa. Chungu cha maua kwenye jua kinaweza kudai maji kila siku, hakuna chini ya kwenda. Udongo wa kichanga haushiki. Keni kumi na mbili kwa mkupuo zitampita mmea na kuendelea na safari. Kile kipimo changu ni cha tuta langu la tifutifu, na nilikuwa nakaribia kukifanya dini.

Saladi niliipanda upya, ikakataa kuota. Mbegu zake udongo ukipata joto sana, kuanzia kama nyuzi 27 au 30 hivi, nyingi hugoma na kulala. Nilipanda mara ya tatu jioni, kwenye kivuli cha maharage, nikafunika kwa gunia lililolowa. Zikaota. Wakubwa wao, waliosalia tuta la juu, walikuwa wameshapandisha bua kuelekea maua. Nilionja jani moja na kulitema. Nikauacha mmoja uchanue, nione ua lake linafananaje. Ni la njano, dogo, linafungua asubuhi na kufunga.

## Leo

Mahali pale ulipokufa mnyanya nilipandikiza mwingine, nikaufukia hadi karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina la nyanya likizikwa hutoa mizizi. Una wiki sita. Nimeumwagilia mara chache kiasi cha kuona haya kutaja.

Leo ndiyo siku ya joto kuliko zote tangu msimu uanze. Ninapoandika hapa dirishani, majani yake yote yamelala, hadi ya juu kabisa, na ua lake moja limeinamia chini. Nimeshatoka kushika udongo mara mbili. Kifundo cha pili, ubaridi. Keni ipo mlangoni, imejaa, sikumbuki ni saa ngapi niliijaza.

Saa tisa na nusu. Bado yamelala.